MASHAURI YA NYUMBANI: TANURU LINAPOKATAA KUWAKA



Mzazi mmoja wa Bihambwe, katika nchi ya Masisi, ametuandikia swali ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu. Mwanawe akaa Marekani pamoja na mkewe na watoto wao wadogo. Katika siku za baridi kali tanuru linalopasha joto nyumba yao lilikataa kuwaka. Fundi aliyeitwa alisema kwamba kiungo kimoja kidogo, kiitwacho swichi ya presha, hakipitishi umeme. Akaongeza kwamba yampasa kwanza atafute sababu, kisha ikibidi akibadilishe. Lakini jirani akamshauri kijana asingoje: achukue kipande cha waya, aunganishe nyaya mbili ziingiazo katika swichi ile, na moto utawaka mara moja. Kijana akampigia baba yake simu. Na baba, ambaye hajapata kuliona tanuru la namna hiyo, atuuliza: "Nimjibu nini mwanangu? Wajukuu wangu wanatetemeka. Je, amsikilize jirani au fundi?"

Si ajabu tena kwamba swali kama hili latoka Masisi. Vita vya Kivu vimewatawanya watu wetu mbali sana. Katika mwaka wa serikali wa 2016 Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Wengi wao walikulia penye moto wa mafiga na mbabula, nao sasa wakaa katika nyumba zenye mitambo ambayo hakuna aliyewaeleza habari zake.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: amsikilize fundi, wala asiuguse waya hata mmoja. Lakini jibu fupi halimtoshi baba anayewahurumia wajukuu wake. Yafaa ajue sababu. Na tukiisha kueleza sababu, tutamwomba mzee wetu atazame pia nyumba yake mwenyewe pale Bihambwe, kwa maana hatari ile ile yaweza kukaa humo, tena bila swichi ya kuizuia.

TANURU LA NYUMBANI NI KITU GANI?

Msifikirie tanuru la kuchomea matofali. Hili ni sanduku la bati, ambalo huwekwa chini ya nyumba au katika chumba kidogo kama kabati. Ndani yake mna mabomba ya chuma, na katika mabomba hayo gesi huwaka. Hewa ya nyumba haiugusi moto huo. Yenyewe hupita upande wa nje wa mabomba, hupata joto, kisha husukumwa na feni kubwa hadi vyumbani. Moshi wa gesi nao hubaki ndani ya mabomba mpaka utolewe nje kwa dohani. Basi kuna njia mbili, njia ya hewa ya kupumua na njia ya moshi, nazo hazipasi kukutana hata kidogo.

Sasa tutazame jinsi moto unavyowashwa. Chumba kikipoa, kipima joto kilichopo ukutani hupeleka habari kwa tanuru. Tanuru haliwashi moto papo hapo. Kwanza huanza kuzunguka feni ndogo ya moshi, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa kutoka katika mabomba na kuisukuma nje kwa dohani. Hapo ndipo swichi ya presha hufanya kazi yake. Ni kidude cha duara, chapata kujaa kiganjani. Ndani yake mna kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma, na mpira mwembamba waunganisha upande mmoja wa kiwambo na nyumba ya feni ile. Feni ikivuta vizuri, kiwambo nacho huvutwa. Kikivutwa, vipande viwili vya chuma hugusana na umeme hupita. Umeme ukipita, tanuru hujua ya kuwa njia ya moshi iko wazi. Ndipo tu gesi hufunguliwa na moto kuwashwa.

Mvuto huo ni mdogo mno. Mafundi huupima kwa inchi za maji, yaani kwa kimo ambacho mvuto waweza kuyainua maji katika mrija. Inchi 1 ya maji ni kama sehemu 1 tu kati ya 400 za uzito wa hewa unaotulemea kila siku. Mzee anayevuta pombe ya ndizi kwa mrija mrefu avuta kwa nguvu nyingi kuliko hiyo. Kwa hiyo kiwambo hiki chapasa kuwa chepesi kuhisi, na kitu kidogo chaweza kukizuia kisivutwe.

SWICHI MBOVU NA SWICHI ISEMAYO KWELI

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Waona feni inazunguka, moto hauwaki, swichi haipitishi umeme. Basi wasema: "Swichi imekufa." Lakini swichi yaweza kukataa kwa sababu mbili zilizo mbali kabisa. Huenda ni mbovu kweli: kiwambo kimepasuka, au vyuma vyake vimeshika kutu. Au huenda ni nzima kabisa, nayo yasema kweli kwamba moshi hauna njia.

Na njia ya moshi huzibwa na mambo mengi. Theluji na barafu hufunika mdomo wa dohani nje ya nyumba. Ndege na nyigu hujenga humo wakati wa kiangazi, tanuru linapolala. Mpira mwembamba hupasuka kwa uzee, au tundu lake hujaa uchafu. Katika matanuru yale yanayookoa joto jingi, mvuke wa moshi hupoa ukawa maji. Mfereji wa maji hayo ukiziba, maji hupanda na kuzuia mvuto. Pengine feni yenyewe imechoka. Katika hali zote hizo ukibadilisha swichi umetupa fedha bure, maana swichi mpya nayo itasema maneno yale yale ya kwanza.

Basi fundi mwenye akili hufuata utaratibu. Kwanza huzima umeme na kufunga gesi. Huenda nje kutazama mdomo wa dohani. Huchomoa mpira, huutazama kama umepasuka au una maji, na husafisha tundu unamoingia. Hukagua mfereji wa maji. Kisha hurudisha umeme, huiacha feni ivute, na hupima mvuto kwa chombo chake. Juu ya swichi pameandikwa tarakimu ya mvuto unaotakiwa. Chombo kikionyesha kwamba mvuto ni mdogo kuliko tarakimu ile, swichi haina kosa, na fundi lazima aendelee kutafuta. Kikionyesha kwamba mvuto watosha na hata hivyo swichi haipitishi umeme, sasa ndipo aweza kusema kwa haki: swichi ni mbovu, ibadilishwe.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Umeme na gesi vikiisha kufungwa tena, fundi huandika au hupiga picha namna nyaya na mipira ilivyokaa, hulegeza parafujo mbili hivi, hutoa ya zamani na kuweka mpya. Jambo moja halina ruhusa: swichi mpya lazima iwe na tarakimu ile ile iliyoagizwa na watengenezaji wa tanuru lile. Swichi yenye tarakimu ndogo itaruhusu moto hata pasipo mvuto wa kutosha. Yenye tarakimu kubwa itazuia moto ulio salama. Mwisho fundi huliwasha tanuru na kulitazama likizunguka mara kadhaa toka mwanzo hadi mwisho, apate hakika.

Na kile kipande cha waya cha jirani? Chafanya jambo moja tu: chaliambia tanuru kwamba njia iko wazi, ama iwe wazi ama isiwe. Watengenezaji wanajua kwamba watu hujaribu hila hii. Kwa hiyo matanuru mengi ya kisasa hukagua swichi kabla feni haijaanza. Yakikuta umeme unapita wakati haupaswi kupita, hukataa kuwaka. Mtambo wenyewe umefundishwa kumshuku shahidi anayejibu kabla hajaulizwa. Lakini si matanuru yote yaliyo na kinga hiyo, na mtu mbishi huendelea kutafuta hila mpaka aipate.

SUMU ISIYO NA HARUFU

Kwa nini tahadhari kubwa hivyo kwa ajili ya moshi? Kwa sababu kitu chochote chenye kaboni, kama gesi, kuni, makaa au petroli, kikiwaka pasipo hewa ya kutosha, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa Claude Bernard alieleza jinsi inavyoua: hushika damu na kuinyima oksijeni nafasi yake. Wataalamu waliomfuata walipima wakaona kwamba damu huishika hewa hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo, kikivutwa usiku kucha, chatosha kuijaza damu. Mwili hufa kwa kukosa oksijeni huku mapafu yaendelea kupumua.

Nchi tajiri hazikuepukana na janga hili. Wakuu wa afya wa Marekani watangaza kwamba kila mwaka zaidi ya watu 400 hufa huko kwa sumu hii bila kukusudiwa, mbali na wafao katika nyumba zilizoungua, na zaidi ya watu 100,000 hupelekwa hospitalini kwa haraka. Ndiyo maana matanuru yao yamewekewa walinzi wengi, na swichi ya presha ni mmoja wao.

Walinzi wa namna hii wana historia. Katika miaka ya 1890 mtaalamu John Scott Haldane alifikiri kuwatumia viumbe wadogo katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza. Ndege aitwaye kanari hupumua upesi, naye huonja sumu kabla ya binadamu. Akianguka, wachimbaji wapata nafasi ya kukimbia. Ndege hao waliendelea kutumika mpaka miaka ya 1980, vilipokuja vyombo vya umeme vya kupima hewa. Twauliza: je, mchimbaji aonapo ndege wake ameanguka, atanunua ndege mwingine na kuendelea kuchimba? Au atatoka? Basi mwenye nyumba anayeuona mlinzi wake amekataa moto, naye akafunga waya ili asisumbuliwe, ni kama mchimbaji anayemsimamisha ndege aliyekufa juu ya kijiti na kusema: "Mbona yu hai!"

BARIDI ISITUTIE HARAKA

Twafahamu kwamba baridi ya huko si mchezo, na mtoto anayetetemeka humsukuma mzazi kufanya lolote. Ndipo hatari ya pili huingia. Desemba 2006 tufani ilivunja nguzo za umeme katika jimbo la Washington, na nyumba zaidi ya 1,000,000 zikakosa umeme, nyingine kwa siku nyingi. Katika mji wa Seattle na vitongoji vyake watu waliingiza majiko ya makaa nyumbani ili wapate joto, au waliwasha jenereta karibu na madirisha. Mamia ya watu walipatwa na sumu, na baadhi yao wakafa. Wengi wa waliopatwa walikuwa wahamiaji, watu waliofanya yale waliyozoea kwao, lakini katika nyumba ambazo zimezibwa kila ufa ili joto lisitoroke. Wakuu wa mji na magazeti walilazimika kutoa maonyo kwa lugha nyingi. Februari 2021 mambo yale yale yakatokea Texas.

Basi mzee amwambie mwanawe hivi. Wakati wa kungoja fundi, familia yote ikusanyike katika chumba kimoja, milango ifungwe, mavazi na mablanketi yaongezwe. Jiko la umeme la kupashia chumba joto lafaa, likiwekwa mbali na mapazia na vitanda. Jiko la gesi la kupikia lisigeuzwe kuwa tanuru. Makaa yasiingie ndani hata kidogo, hata karakana ya motokaa si mahali pake. Kila nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksidi karibu na mahali pa kulala, na betri zake zijaribiwe. Na kama nyumba ni ya kupanga, ajue kwamba katika miji mingi sheria humlazimisha mwenye nyumba kutengeneza tanuru. Katika mji wa New York, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei mwenye nyumba yampasa kuhakikisha kwamba vyumba vina joto la kiasi cha digrii 20 mchana, nje kukiwa na baridi. Mpangaji anayedai haki hii si mkorofi. Kudai fundi wa kweli ni kuwatunza watoto.

SASA TUTAZAME BIHAMBWE

Mzee wetu, huko kwako nako kuna baridi. Nyanda za juu za Masisi, malisho mema ya ng'ombe, hupata ukungu na manyunyu, na usiku watu hujikunyata. Nyumba nyingi zina mbabula, na jioni mbabula huingizwa ndani. Mbabula haina kipima joto, haina feni, wala haina swichi ya presha. Haitakataa kamwe kuwaka kwa sababu dirisha limefungwa. Itaendelea kuwaka mpaka mwisho, lolote litokee.

Zamani nyumba ya nyasi na udongo ilipumua yenyewe. Moshi ulitoka katika paa. Leo twajenga nyumba bora za mabati, saruji na vioo, na hatuzilaumu. Lakini kadiri nyumba inavyozibika, ndivyo moshi unavyokosa mlango. Hata kibanda cha turubai, ambacho familia nyingi za Masisi zimelazimika kulala ndani yake wakati wa ukimbizi, huziba hewa kuliko nyumba ya nyasi, na tena ni kidogo.

Kuna mafikira manne ambayo twapenda kuyang'oa, kwa sababu yamekwisha kuua watu wema.

Fikira ya kwanza: "Makaa yakiisha kutoa moshi, hayana hatari." Watu huwasha mbabula nje, hungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo huiingiza ndani. Wafanya vema kuwasha nje, lakini wakosea kuiingiza katika chumba kilichofungwa. Moshi unaoonekana ni jambo moja, na sumu ni jambo jingine. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi kwa wingi. Zile ndimi ndogo za rangi ya buluu zinazocheza juu ya makaa ni hewa hiyo yenyewe ikiungua; na ile isiyoungua huingia chumbani.

Fikira ya pili: "Tukifunika makaa kwa majivu, moto utakuwa mpole hadi asubuhi." Moto huwa mpole kwa sababu umenyimwa hewa, na moto ulionyimwa hewa ndio utoao sumu kwa kadiri kubwa. Upole wake ni wa nyoka aliyejikunja.

Fikira ya tatu: "Hewa mbaya hukaa chini, alalaye kitandani yu salama." Hii yatoka katika ujuzi wa kweli uliotumiwa mahali pasipo pake. Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile hewa itokayo ardhini katika nchi ya volkano na kujikusanya mashimoni, ikaua mbuzi na hata watoto. Mazuku ni hewa nyingine, kaboni dioksidi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini. Lakini kaboni monoksidi ya mbabula haina uzito huo. Hujichanganya na hewa ya chumba kizima, juu na chini. Kitanda kirefu hakimwokoi mtu.

Fikira ya nne: "Tukipatwa, maziwa yataondoa sumu." Nchi ya Masisi ina maziwa mengi na mazuri, nasi twayasifu. Lakini sumu hii haimo tumboni, imo katika damu. Maziwa hayaifikii, na mtu aliyezimia akinyweshwa, aweza kupaliwa akafa.

Twawakumbuka hasa wazazi waliojifungua karibuni. Mara nyingi mama na mtoto mchanga hufungiwa chumbani pamoja na mbabula ili baridi isiwapate. Nia ni njema, bali tendo ni la hatari. Mtoto mchanga, na hata mtoto aliye bado tumboni, hudhurika upesi kuliko mtu mzima, naye hawezi kusema kwamba kichwa kinamwuma.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa kuwa mbabula haina mlinzi, sisi wenyewe tuwe walinzi wake. Wala kazi hii haitaki fedha.

Mosi. Mbabula ikiwa ndani, pawe na njia mbili za hewa zilizo wazi, yaani dirisha na mlango, au dirisha na tundu chini ya paa upande wa pili. Tundu moja halitoshi, kwa sababu hewa huingia vema pale inapopata mahali pa kutokea.

Pili. Chumba kipashwe joto kabla ya kulala, kisha mbabula itolewe nje kabla mtu wa kwanza hajasinzia. Baba au mama mmoja apewe kazi hii kila usiku, ijulikane ni ya nani. Kazi ya watu wote hufanywa na hakuna.

Tatu. Kitandani tutumie joto lisilo na moto: chupa ya maji ya moto iliyozibwa vema na kuvingirishwa nguo, au jiwe lililopashwa moto na kufungwa katika kitambaa kizito. Mtoto mchanga awekwe kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa pamoja naye. Hakuna mbabula inayoshinda joto hilo.

Nne. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, wala dukani, wala barazani chini ya dirisha. Na mota ya kuvutia maji isishushwe katika shimo la machimbo.

Tano. Tujue dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuvurugika. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wakati mmoja, nao wakipata nafuu watokapo nje, tusiseme upesi kwamba ni malaria, wala kwamba wamelogwa. Tutazame moto uko wapi.

Sita. Mtu akikutwa amezimia, mlango na dirisha vifunguliwe, atolewe nje mara moja, na mwokozi asikae ndani. Akiwa anapumua, alazwe ubavu. Akiwa hapumui, apuliziwe pumzi kinywani. Asimwagiwe maji, asinyweshwe kitu. Apelekwe katika kituo cha afya chenye oksijeni, hata kama amezinduka, kwa maana katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 6 kuondoa nusu ya sumu, bali kwa oksijeni safi yatosha saa 1 na nusu au pungufu. Na mama mjamzito apelekwe hata kama ajiona mzima.

Watoto waulizwe mambo haya mpaka wayajue kwa moyo. Mtoto anayejua kwa nini dirisha lafunguliwa hatalifunga kwa siri upepo ukivuma.

Watu waliobuni swichi ya presha waliona kwamba binadamu husahau, husinzia, huona baridi na kufanya haraka, ndiyo sababu wakaweka kidude kisichosinzia, kiulizacho kila mara: "Je, moshi una njia?" Swali hilo ndilo hekima yote ya tanuru lile, na laweza kuulizwa hata katika nyumba ya mbao yenye mbabula moja. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, mkubwa wa nyumba na aliulize kwa sauti, watoto wakisikia. Na jibu lisipokuwa "ndiyo", moto utoke nje.